Jina la baba, mengine yote ya mama

Maskati

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Umeniuliza kwa nini nang'ang'ania binti yangu afundwe na somo, yaani kungwi, kabla ya harusi, na hali tuko Uarabuni na anaolewa na watu wa Ibra, mji wa hukuhuku Oman. Najua hukunikejeli, lakini suali limenikaa rohoni.

Hapa mtu anajulikana kwa kabila la baba yake. Ukilitaja tu, watu washajua wazee wako walitoka upande gani. Sikatai. Lakini babu yangu alipokwenda Pemba kulima karafuu alioa kukokuko, na baba naye akaoa kukokuko. Wanaume wamenipa jina. Kusema, kupika, kuvaa, na hata kumnyamazia mtu mpaka akajijua, hayo nimepewa na wanawake, na hayana karatasi yanakoandikwa.

Mama alikuja miaka ya sabini. Mapinduzi ya 1964 yalishawatoa visiwani, wakawa Dar es Salaam. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi. Kabla ya hapo Oman nzima ilikuwa na skuli za serikali 3 tu, zote za wavulana. Basi fikiria mwanamke anashuka na Kiingereza chake na taipu anaijua! Kazi aliipata upesi. Ila Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu na salamu, na wenzake ofisini wakimcheka, wakimwambia si Mwarabu hasa. Kilekile kilichompa mshahara ndicho kilichomweka kando. Akajifunza kunyamaza sokoni, Kiswahili akakiacha nyumbani pamoja na kanga.

Mimi nimesoma hapa, Kiarabu changu hakina kasoro. Hakuna anayenijua mpaka nikasirike.

Binti yangu Kiswahili anakifahamu, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiarabu. Yeye na wenzake siku hizi wanaona fahari kuweka vitumbua na taarab kwenye harusi. Vizuri, lakini mimi havinitoshi. Vitumbua hata waliomcheka mama walikuwa wakivila. Somo ni jambo jingine kabisa. Ni mwanamke mzima, si mama yako, anakaa nawe chumbani akakwambia wazi habari za mwili wako na za mume, lipi la kustahi na lipi usilivumilie hata siku moja. Mimi mwenyewe nikimwambia mwanangu maneno yale tutaona haya sote wawili. Akiyakosa hayo atabaki na kabila la baba yake tu, na kabila halimfundishi mtoto wa kike kusema sitaki.

Basi nitumie singo ya kumsugulia bibi harusi mwili, ya kutwangwa, usininunulie ya pakiti. Na kisutu, ile kanga ya bibi harusi, doti mbili. Kanga za kugaia wageni nakuachia wewe uchague rangi, ila jina, yale maneno yaliyoandikwa, ulisome vyema kabla hujalipa, nisiletewe la mafumbo. Mama yake bwana harusi kazaliwa Bujumbura. Anajifanya Kiswahili hakijui, lakini juzi nilikuwa nampigia hadithi dada yangu, na yeye akacheka kabla sijafika mwisho.

Wasalimie wote nyumbani.

Shoga yako