Barua kwa mwanangu: Apolo alikubali kufundishwa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako nimeipata, marahaba.

Ujumbe wako nimeurudia kuusoma. Unasema ibada za hapo mtaani kwenu hazikujengi tena, mwinjilisti ni mtu wa darasa la saba, na wewe na shahada yako huoni atakuongezea nini. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, ukaandika kwamba siku hizi unaomba lakini tumaini hulioni. Mimi naona mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Fungua Matendo ya Mitume 18, kuanzia mstari wa 24. Apolo alitoka Aleksandria, mji wa wasomi. Alijua kusema, na Maandiko alikuwa ameyabobea. Alifika Efeso akahubiri kwa moto katika sinagogi, na habari za Yesu alizifundisha sawasawa, ila alikuwa anajua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu. Waliomsikia ni mke na mume, Prisila na Akila, washona mahema waliokuwa wameondoka Rumi kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote watoke. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Usipite haraka hapo, mwanangu. Msomi ameketi kwa mafundi wenye mikono iliyokomaa kwa sindano, anaelezwa alipopungukiwa, na mmoja wa wanaomweleza ni mwanamke. Luka, aliyeandika Matendo, haandiki popote kwamba alibisha. Anaandika kwamba alivuka kwenda Akaya, upande wa Ugiriki, na huko akawasaidia sana walioamini. Paulo naye akawaambia Wakorintho, watu wa huko huko Akaya, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Elimu yake haikupotea hata kidogo. Ile kweli iliyokuwa imebaki ndiyo aliyoikuta kwa washona mahema.

Sasa habari ya tumaini. Mstari wa 1 Petro 5:6, "Nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari", umeukariri tangu shule ya Jumapili. Wengi huishia kwenye "awakweze kwa wakati wake", lakini Petro hajamaliza kusema. Anaendelea: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Kumbe kumtwika Mungu mzigo ni sehemu ya kunyenyekea kwenyewe! Wewe unatafuta kazi mwaka wa pili huu, usiku hulali kwa kuwaza kodi ya chumba, na kwenye jumuiya ukiulizwa unajibu "niko poa". Tumaini litaingilia wapi, na hakuna uliyemruhusu akushike mkono, hata Mungu?

Sikuambii uyadharau masomo yako. Tuliuza ng'ombe uyapate, na ningeuza tena.

Jumapili hii nenda ibadani. Watu wakishatawanyika, mfuate mwinjilisti, mwulize lile linalokusumbua katika imani, umsikilize mpaka amalize bila kumsahihisha. Na habari ya kazi usimfiche, mwambie akuombee. Jioni nipigie unieleze alichokuambia; vocha nitakutumia Jumamosi.

Baba yako na wadogo zako wanakusalimu sana.

Mama yako