Koka ya mgonjwa, naomba nafasi kidogo Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kigoma. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti saa nyingine linanifikia limeshalala siku mbili ila nalisoma lote mpaka matangazo ya tenda. Nina duka hapa Mwanga, sio mbali na soko, nauza unga, mchele, sabuni, vocha na soda, na hili nalotaka kuandika limenikaa kifuani muda sasa hivyo naomba mnivumilie kama litakuwa refu.

Kuna jirani yangu fundi seremala, ana kisukari na anachoma insulini kila siku. Siku moja asubuhi kaja dukani anatetemeka, shati limelowa jasho utadhani katoka ziwani, anaongea maneno hayaeleweki. Mi nilikuwa stoo napokea katoni za sabuni, dukani kuna dogo tu anayenisaidia. Mteja mmoja akapaza sauti, huyo ana sukari jamani, msimpe soda ya kawaida mpeni zero! Dogo kwa nia njema kabisa akafungua zero, ile koka isiyo na sukari, akamnywesha karibu nusu chupa, natoka stoo namkuta fundi kakaa kwenye gunia la mchele macho yanafunga yanafunguka. Bahati mkewe alikuwa anamfuata nyuma, akafika anahema, akasema huyu kachoma sindano hajala kitu, sukari yake imeshuka sio kupanda. Nikafungua koka yenyewe, Coca-Cola ya kawaida ya chupa ya kioo, bado alikuwa anaweza kumeza, akanywa kama nusu glasi taratibu, tukasubiri, tukamuongezea kidogo, baada ya robo saa hivi akaanza kuuliza mbona watu wamejaa. Tukampa chapati na maharage akala mbele yetu.

Mhariri, mi nimeuza soda miaka 14 na nilikuwa sijui. Nilikuwa najua zero ni ya wenye sukari, basi. Kumbe mtu ambaye sukari imeshuka anahitaji sukari ya haraka, gramu 15 hivi, ambayo ni kama mililita 150 za koka ya kawaida, na zero haina sukari hata chembe, ina vitamu vya kutengeneza, kwahiyo unaweza kumnywesha kreti zima na mtu akazimika mbele yako. Na akishazimika humpi kitu mdomoni tena, atapaliwa, hapo ni kukimbiza hospitali tu.

Toka siku ile nikaanza kusoma habari za hii soda, jioni nikishafunga duka binti yangu ananitafutia kwenye simu, na nilivyokuwa naendelea kusoma nikaelewa kwanini watu wa huku kwetu tunaichukulia kama dawa. Maana ni kweli, ukienda kumuona mgonjwa wodini unabeba koka. Mama kajifungua, koka. Mtoto anaharisha, koka imetikiswa gesi itoke. Damu pungufu, koka na yai bichi, wengine na maziwa. Hakuna wiki inapita sijaulizwa dukani kwangu, mama una koka ya mgonjwa?

Sasa hiki kinywaji chenyewe kilitengenezwa na mtu wa dawa. Anaitwa John Pemberton, mfamasia wa mji wa Atlanta kule Marekani. Alipigana vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akajeruhiwa kwa upanga mwaka 1865, ile morfini ya kutuliza maumivu ikamkamata akawa hawezi kuiacha, akawa anahangaika kutafuta kitu mbadala. Alianza na mvinyo uliochanganywa na majani ya koka, ule mmea wa Amerika Kusini, na kola. Halafu Atlanta wakapiga kura kukataza pombe, ikabidi atafute cha kuuza kisicho na mvinyo, akapika sharubati yake kwenye sufuria, na tarehe 8 Mei 1886 ikaanza kuuzwa kwenye famasi moja pale mjini inaitwa Jacobs, glasi senti tano, imechanganywa na maji ya gesi. Walikuwa wanaitangaza kwamba inatibu kichwa na uchovu wa mishipa ya fahamu. Yaani ilizaliwa kaunta ya dawa kabisa. Na mwaka ule wa kwanza walikuwa wanauza kama glasi tisa tu kwa siku, mi na duka langu hili nauza zaidi ya hapo kabla ya saa nne asubuhi jua likiwaka.

Jina alilitoa mtunza hesabu wake, Frank Robinson, na yale maandishi ya kulalia tunayoyaona mpaka leo kwenye kila kibanda ni mwandiko wake yeye. Koka ni lile jani, kola ni tunda. Na hapa niwaambie wasomaji kitu kilichonifurahisha sana, kola asili yake ni Afrika, Afrika Magharibi kule Nigeria na Ghana, wenzetu wanaitafuna toka enzi na enzi, Wahausa wanaiita goro, kule kwa Waigbo mgeni akiingia nyumbani anavunjiwa kola kwanza ndo maongezi yaanze. Ina kafeini ndo maana inamuamsha mtu. Sasa huku kwetu mgeni akija mtoto anatumwa mbio dukani kuleta soda, nikafikiria hii safari, tunda limetoka Afrika likaenda Marekani likarudi jina tu kwenye chupa na bado kazi yake ni ileile ya kumkaribisha mgeni.

Pemberton hakufaidi. Alikufa mwaka 1888, maskini na mgonjwa, na haki zote zikaja kuwa za mfanyabiashara mwingine wa dawa, Asa Candler, kwa jumla ya dola 2,300 hivi. Huyo ndo aliyeifanya ikaenda nchi nzima. Kuhusu kokeini, maana watu hapa barazani wanabishana sana, ni kweli mwanzoni ilikuwemo kidogo kwa sababu ya yale majani, ila ilianza kuondolewa mwanzoni mwa karne ya 20, leo majani yanayotumika yanatolewa kwanza hiyo kokeini. Kilichobaki ni kafeini, na hiyo nayo ililetea kampuni kesi, mwaka 1909 serikali ya Marekani ilikamata mzigo wa sharubati na kwenye karatasi za mahakama mshtakiwa kaandikwa mapipa 40 na vipipa 20 vya Coca-Cola! Kesi ilifika mpaka mahakama yao ya juu mwaka 1916.

Na chupa yake ile yenye kiuno, hiyo ilitengenezwa 1915 na kiwanda cha vioo cha mji wa Terre Haute hukohuko Marekani, waliambiwa watengeneze chupa ambayo mtu ataitambua hata gizani kwa kuishika, au hata akiiona vipande imevunjika chini. Wakaangalia picha ya tunda la kakao wakachukua ile mikunjo yake. Mi naweza kushuhudia hilo, umeme ukikatika usiku nikizamisha mkono kwenye friji kati ya chupa zote hizo koka naitoa bila tochi, vidole vinajua vyenyewe.

Sasa nije kwenye aina maana hapo ndo penye shida yangu na ndo sababu ya barua hii.

Miaka karibu 100 ilikuwa koka ni koka, moja. Mwaka 1982 wakaleta ya kwanza isiyo na sukari iliyobeba jina lenyewe, Diet Coke, nchi nyingine inaitwa Light. Mwaka 1985 wakaleta ya cherry, na mwaka huohuo wakafanya kitu ambacho watu wa Marekani hawajakisahau, walibadilisha ladha ya koka yenyewe mwezi wa nne, watu wakaja juu, simu na barua kwa maelfu, ikabidi baada ya siku 79 warudishe ile ya zamani. Ya vanila ni 2002. Zero ikaja 2005, hii tofauti yake na Diet ni kwamba ilitengenezwa ifanane ladha na koka ya kawaida kadiri inavyowezekana, na kweli inafanana, ukimpa mtu kwenye glasi hawezi kukwambia mara moja ni ipi. Kuna nyingine nyingi zimekuja na kupita, ya kijani iliyotumia stevia, utamu wa majani ya mmea, ya kahawa, ya limau, nyingi hazijafika huku na sioni sababu ya kuzisemea sana. Fanta mnaijua, ila wengi hawajui ilianzia Ujerumani wakati wa Vita ya Pili, sharubati ya koka ilikuwa haiingii nchini wakatengeneza kwa mabaki ya maziwa baada ya kutoa jibini na makapi ya tofaa, ya chungwa tunayoijua sisi ikaja baadaye Italia mwaka 1955.

Shida yenyewe Mhariri ni hii. Zamani zero ilikuwa nyeusi, hata asiyejua kusoma anaona, nyekundu ni ya sukari, nyeusi haina. Mwaka 2021 wakabadilisha muonekano, zero nayo ikawa nyekundu, tofauti ni maandishi, meupe ni ya sukari, meusi ni zero. Mi nina miwani na bado napeleka chupa kwenye mwanga. Fikiria sasa kamati ya harusi imepanga soda 300 kwenye matenki ya barafu, vijana wanagawa meza kwa meza mziki juu, bibi mwenye sukari kaomba zero kaletewa nyekundu, ataangalia rangi ya maandishi saa ngapi? Na ladha zinafanana.

Juzi nilifanya kitu dukani. Kopo la mililita 330 la kawaida lina sukari gramu 35, basi nikachukua glasi tupu na sukari yangu ya kupima, nikaanza kutia kijiko cha chai kimoja kimoja mbele ya wateja, wanahesabu kwa sauti na watoto wakajiunga, tukafika vijiko tisa kasoro kidogo. Mama mmoja wa Ujiji aliyekuja kununua koka ya mjukuu wake anayeharisha akaitazama ile glasi akaniuliza, sasa hii mwanangu si ndo nampa kila siku? Nikamwambia shikamoo mama, kaa hapa nikueleze. Maana hapo ndo penye hatari, ile pakti ya ORS ya famasi, unga wa kumrudishia maji anayeharisha, unayochanganya na lita moja ya maji yaliyochemshwa ina glukosi gramu 13.5 na chumvi zake kwa kipimo, koka lita moja ina sukari zaidi ya gramu 100, karibu mara nane, na chumvi karibu hakuna. Sukari nyingi hivyo kwenye tumbo la mtoto inavuta maji yaje kwenye utumbo, mtoto anaharisha zaidi wakati wewe unajua unamtibu. Kutikisa gesi itoke hakupunguzi sukari hata punje. Nilimpeleka mwenyewe famasi ya jirani akapewa ORS na vidonge vya zinki.

Na damu vilevile. Ule weusi wa koka ni rangi ya karameli, sukari iliyounguzwa kitaalamu, sio madini ya chuma. Rangi haina uhusiano wowote na damu. Mjamzito aliyeambiwa kliniki damu ni ndogo ameze vidonge alivyopewa, ale maini akipata, maharage, matembele, dagaa wetu hawa tunaowaanika Kibirizi, na lile yai la kuchanganya na soda alichemshe ale.

Sisemi watu waache kunywa, mi mwenyewe inanisomeshea watoto na mchana wa jua la mwezi wa tisa koka ya baridi na samosa hakuna kitu kinaishinda. Nasema mgonjwa ana haki ya kupewa kitu kinachojulikana. Nimeshabandika boksi nililoandika kwa maka pen juu ya friji: KAWAIDA MAANDISHI MEUPE, ZERO MAANDISHI MEUSI, SUKARI IMESHUKA MPE YA KAWAIDA, MTOTO ANAHARISHA NENDA FAMASI. Dogo nimemkaririsha mpaka ameshika. Ila duka langu ni moja, na vijana wanaogawa soda kwenye harusi na misiba ni wengi, wapishi wa shule, makonda wanaouza kwenye mabasi ya Kasulu, wale wanaopandisha soda madirishani treni ikisimama.

Ndo maana naomba gazeti lenu, ambalo huku linapita mikono mingi kabla halijafungia maandazi, mtutolee picha ya hizo mbili zimesimama pamoja, ya kawaida na ya zero, kwa rangi na kubwa, ukurasa wa katikati ambao watu wanauchana wanaubandika ukutani. Na wenye maduka ya jumla mnaosoma, zero mnatuletea zile chupa kubwa tu za familia, mgonjwa mmoja hawezi kununua chupa kubwa, tuleteeni na ndogo hata kreti mbili mbili kwa kuanzia, mi nachukua.

Wenu,
Mama mwenye duka,
Mwanga, Kigoma