Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtihani uulize "walijuaje?"

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kampala.

Salamu kutoka Arua, ninakofundisha kemia sekondari. Nina ombi kuhusu somo la atomu.

Mwanafunzi anachora kiini, yaani kitovu cha atomu, anakizungushia elektroni kwenye duara safi, anapata alama zote. Ukimwuliza watu walijuaje kwamba kiini kipo, ananyamaza. Simlaumu, kwa sababu hakuna anayemdai jibu hilo.

Na jibu lenyewe ni tamu! Mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge alipima miali ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa, akakuta chembe nyepesi mno kuliko atomu yoyote; ndizo elektroni. Basi atomu, ambayo John Dalton aliishikilia kuwa haigawanyiki, ilikuwa na vitu ndani. Thomson akaiwaza kama tonge la chaji chanya lililochanganyika na elektroni. Mwaka 1909, kule Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa, yaani chembe zenye chaji chanya zitokazo kwenye vitu vya mionzi, kwenye utando mwembamba wa dhahabu. Marsden alikuwa bado mwanafunzi, umri miaka 20. Karibu chembe zote zilipenya. Chache sana zikarudi zilikotoka. Tonge la Thomson, ambalo chaji yake chanya imetapakaa kote, lisingeweza kuzirudisha. Mwaka 1911 Rutherford akatoa maelezo: karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini ambacho upana wake haufikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya upana wa atomu.

Hata zile duara tunazozipa alama ni za Niels Bohr, za 1913. Kufikia 1926 wanafizikia walikuwa wameshaziacha.

Usiseme maabara hatuna, Mheshimiwa. Mimi huficha kipande cha mbao chini ya ubao, wanafunzi wakaviringisha gololi kutoka kila upande na kukisia umbo lake kwa jinsi zinavyotoka. Hubishana mpaka kengele inalia, na kila anayebisha hulazimika kuonyesha gololi yake ilipita wapi.

Serikali inapanga kinu cha nyuklia Buyende. Watakaokijadili wako madarasani sasa, nao watahitaji kutenganisha ushahidi na uvumi. Kwa hiyo naomba waandaaji wa mitaala na Baraza la Mitihani waweke swali moja kila mwaka: mpe mtahiniwa matokeo ya jaribio la dhahabu, aeleze yanavunja wazo lipi na kwa nini. Alama za mchoro zipunguzwe, zihamie hapo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Arua