Kwa Vijana Mtakaopiga Kura 2027: Msiisahau Sudan

Vijana wangu,

Nawasikia wengine mkiapa kutochukua kadi ya kura kwa kuwa vyama vyote vimeoza. Hasira yenu naielewa. Katika suala la Sudan, mna haki nayo kabisa.

Januari 2024 Rais Ruto alimpokea Hemedti, mkuu wa wanamgambo wa RSF wanaopigana na jeshi la Sudan, hapa Nairobi. Februari 2025 watu wake wakakusanyika KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kupanga serikali yao, wiki chache tu baada ya Marekani kutamka kwamba RSF imefanya mauaji ya kimbari. Wizara ya Mambo ya Nje ikatuambia Kenya inatafuta amani. Amani gani hiyo, ikiwa upande wa pili wa vita, jeshi la Sudan, haukuwamo ukumbini? Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, kisha ikapiga marufuku chai yetu, na aliyeumia ni mkulima. Oktoba mwaka huo RSF wakauteka mji wa El Fasher huko Sudan. Yaliyowapata raia wa mji ule mliyaona, na yananiuma hadi leo.

Upinzani nao? Hemedti alipokuja, Rigathi Gachagua, mpinzani wa leo, alikuwa Naibu wa Rais. ODM, chama kilichokuwa cha upinzani, ilitia saini mapatano na UDA, chama cha Ruto, Machi 2025, katika jengo lilelile la KICC, na katika hoja zake kumi Sudan haimo. Lakini msiyapime makosa haya kana kwamba yana uzito mmoja. Aliyefungua mlango amekosa zaidi ya aliyenyamaza, na aliyenyamaza amekosa zaidi ya aliyepinga akashindwa.

Kwa hiyo msisusie. Mtapewa karatasi sita za kura, na hakuna sheria inayowalazimu kupiga suti, chama kimoja toka rais hadi diwani. Mkishindwa kupata rais wa kumwamini, ipeni kura ya ubunge uzito wake. Kifungu cha 95 cha Katiba kinalipa Bunge la Taifa mamlaka ya kuchunguza mwenendo wa Rais, na Bunge hilo lina kamati ya ulinzi na mambo ya nje. Mbunge mwoga huyaacha mamlaka hayo yakalala.

Akija kuwaomba kura, kabla ya habari ya barabara na basari, mwulizeni alisema nini bungeni kuhusu mkutano wa KICC. Msitegemee kumbukumbu yake. Hansadi, yaani taarifa rasmi ya mijadala ya bunge, iko wazi kwa kila mtu. Isomeni kabla hajafika.

Mzee wenu