Mheshimiwa Waziri, kazi ya mwalimu haiishi kengele ya mwisho inapolia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Nimechagua kukuandikia hadharani kwa sababu neno langu linawahusu pia wazazi na majirani, wale wanaoniona narudi nyumbani jua likiwa bado juu wakaniambia, "Nyie walimu mnafaidi."

Najua hawasemi kwa ubaya. Kila mtu amepita shuleni, amekaa dawatini miaka mingi akimtazama mwalimu, kwa hiyo anaona anaijua kazi hii. Alichokiona ni ile sehemu inayofanyika mbele ya ubao tu. Naomba nikuoneshe nyingine.

Juzi, baada ya vipindi, nilifungua daftari la mtoto mmoja. Hesabu ilikuwa 52 toa 38, ameandika 26. Kuweka alama ya kosa ni kazi ya sekunde mbili. Nikatazama ya chini yake: 71 toa 45, ameandika 34. Hapo kalamu ikasimama. Mtoto huyu habahatishi, ana kanuni yake. Kila tarakimu ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini, anageuza, anatoa ndogo kwenye kubwa: nane toa mbili ni sita, tano toa tatu ni mbili. Kutoa anajua vizuri. Asichojua ni kwamba ile 5 ya 52 ni makumi matano, na kwamba kumi moja laweza kufunguliwa likawa mamoja kumi. Ningemwekea alama ya kosa na kupita, angerudia kosa lile lile kesho, tena kwa bidii. Nikaandika jina lake kwenye andalio la somo la siku iliyofuata, nikaanza kufunga vijiti kumi kumi. Kabla rundo halijaisha, nilikuwa nimeshakuta watoto wengine sita wenye kanuni ile ile.

Sasa tupige hesabu, Mheshimiwa. Nafundisha mikondo mitatu, kila mmoja una watoto 42. Hayo ni madaftari 126. Kila daftari nikilipa dakika mbili, ni dakika 252, yaani saa nne na dakika 12, na hilo ni zoezi moja tu. Mtoto kama yule hatoshelezwi na dakika mbili. Bado sijagusa maandalizi, rejista ya mahudhurio, zamu, wala mzazi aliyenisubiri nje ya ofisi ya walimu kwa sababu mwanawe haongei tena nyumbani. (Huyo mzazi nilikaa naye mpaka giza likaingia, na sijutii hata dakika moja.)

Kuhusu likizo nitasema kwa ufupi: tunapumzika, ndiyo, lakini sehemu yake inaliwa na mitihani ya kusahihisha na azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula unaofuata.

Linaloniuma zaidi ni ile kauli kwamba ualimu ni kimbilio la aliyeshindwa kwingine. Niliwahi kuwa na mwanafunzi hodari, wa kwanza darasani, aliyesema mbele ya wenzake kwamba anataka kuwa mwalimu. Wakamcheka. Mmoja akamuuliza, "Kwani wewe umefeli?" Yule mtoto aliinamisha kichwa, na sikumsikia akilitamka tena. Maneno yale wenzake hawakuyatunga wao. Waliyasikia kwa watu wazima.

Hata "ualimu ni wito" limekuwa neno la kutunyamazishia. Ni wito kweli, mimi nauishi. Lakini wito hauongezi saa za siku, na aliyeitikia wito bado anahitaji kulala.

Ninayoyasema si mapya. Tarehe 5 Oktoba 1966 UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, na ndiyo maana Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Pendekezo lile linasema wazi kwamba katika kupanga saa za kufundisha izingatiwe idadi ya wanafunzi ambao mwalimu anapaswa kuwahudumia, muda wa kuandaa masomo na kupima kazi zao, hata muda wa kuzungumza na wazazi. Kwa upande mwingine, ripoti ya UNESCO ya mwaka 2024 inaonesha kuwa walimu wa msingi wanaoacha kazi duniani wamekaribia kuwa maradufu, kutoka asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi asilimia 9 mwaka 2022, na kwamba kufikia 2030 dunia itahitaji walimu milioni 44 zaidi. Kwa hiyo wanaoondoka wanatuacha wakati ambao tunahitaji wengi zaidi, na madaftari yao yanahamia kwenye meza za waliobaki.

Ombi langu ni moja. Mzigo wa mwalimu unapopangwa, usihesabiwe kwa vipindi peke yake. Mwenye vipindi 24 kwa watoto 25 na mwenye vipindi 24 kwa watoto 126 hawafanyi kazi sawa, ingawa kwenye ratiba wanaonekana sawa. Hesabu ianze na watoto, na saa za kusahihisha na kuandaa ziandikwe kuwa saa za kazi.

Tena nakukaribisha, wewe au yeyote utakayemtuma, uje kengele ya mwisho ikishalia. Nitakupa kiti na kalamu nyekundu, tugawane rundo. Yule mtoto wa 52 toa 38, baada ya vijiti, jana nilimpa 61 toa 27. Alifungua fungu moja, akahesabu kwa kidole, akaandika 34, akaniangalia usoni kabla hajaiweka kalamu chini.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, shule ya msingi