Barua kwa mpwa wangu anayepiga picha za majengo ya Nairobi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Picha zako nimezipitia zote. Mistari yake inanipendeza, ila karibu kila moja inavuja pembeni: kipande cha anga kwenye kona, ncha ya nguzo ya taa, nusu dirisha lisilo na kazi. Katika picha ya kawaida ya jengo makosa hayo husameheka, kwa sababu macho yanalitafuta jengo. Picha dhahania kama zako, isiyolenga kuonyesha jengo lenyewe, imebaki na mistari, vivuli na rangi tu. Jicho hufuata mstari mpaka unapogusa fremu, na hapo ndipo picha inaposimama au kuanguka. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo zote nne uone kila mstari unatokea wapi. Mstari ukitokea kwenye kona kabisa, sogea hatua moja, ili utokee juu au chini ya kona hiyo.

Usisimame chini ya jengo. Rudi nyuma mita 60 au zaidi, utumie lenzi ya milimita 70 hadi 200. Kwa simu, tumia ile lenzi ya kuvuta iliyo ndani yake, si kupanua kwa vidole. Egesho la magari la ghorofa linasaidia sana: ukiwa juu, kamera inakaa sawa bila kuinama na mistari ya wima inabaki wima. Weka f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), na uache nafasi ya ziada kiasi cha sehemu moja ya kumi kila upande, maana kunyoosha baadaye kutaila. Kwenye majengo ya serikali na benki, zungumza na askari wa mlangoni kwanza. Tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ndiyo inayowashtua zaidi.

Kuhusu mwanga, usiige mafunzo ya Ulaya yanayokukataza adhuhuri. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi, jua la saa sita mchana liko upande wa kusini, na mwezi wa Desemba linafika nyuzi 68 hivi juu ya upeo. Linateremka likiukwaruza ukuta unaotazama kusini: ukingo wa zege uliochomoza sentimita 10 unatupa kivuli cha karibu sentimita 25. Kila kidirisha kinapata mstari mzito mweusi chini yake. Juni hali hiyo huhamia kuta za kaskazini, ila mawingu ya Julai na Agosti huufuta mchezo wote. Siku za mawingu nenda kwenye KICC, lile jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta. Mnara ule, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyokamilika mwaka 1973, ni wa mviringo na una rangi ya udongo wa kuchoma. Mwanga laini hupita juu yake polepole kutoka ung'avu hadi giza. Ukuta bapa hauwezi kukupa hilo.

Kwenye vioo, kichujio cha polaraiza (kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza uakisi) hufanya kazi ukisimama upande, ukikitazama kioo kwa mshazari wa nyuzi 55 hivi kutoka mstari ulionyooka mbele yake. Ukisimama mbele kabisa hakiondoi chochote. Na mara nyingine uakisi ndio picha yenyewe, kwa hiyo kizungushe huku ukitazama.

Sasa kuhariri. Nyoosha kwanza, kwa kuufuata mstari mmoja mrefu karibu na katikati, kisha rekebisha mwinamo wa wima, ndipo ukate. Ukianza na rangi, kukata kutaharibu mizani uliyoijenga. Kama uliinamisha kamera kidogo, nyoosha kabisa. Kama uliiinamisha sana, acha mistari ikutane juu kwa makusudi. Kunyoosha nusunusu huonekana ni bahati mbaya.

Kwa picha nyeusi na nyeupe ya KICC iliyopigwa siku ya anga la buluu, inua rangi ya chungwa na ushushe buluu: mnara utang'aa, anga litakoza. Hapa ndipo wengi huharibu. Buluu ikivutwa hadi mwisho, anga hujaa chembechembe na mstari mweupe huzunguka ukingo wa jengo. Kuza hadi asilimia 100 ukague ukingo huo, urudi nyuma mpaka mstari upotee. Piga faili ghafi pia (ile inayotunza data yote ya kamera kabla haijachakatwa), kwa sababu JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, ina viwango 256 tu vya mwanga kwa kila rangi, wakati faili ghafi ya biti 14 ina 16,384. Ule mteremko laini wa mnara hukatika ngazi ngazi kwenye JPEG ukiukoleza.

Ukiona mawimbi ya ajabu kwenye vidirisha vingi vidogo, ni kwa sababu mistari imebanana kuliko pikseli zinavyoweza kuipokea. Sogea, badilisha kiasi cha kuvuta kwa lenzi, au upige kwa f/16, tundu dogo zaidi, ili ukali upungue kidogo. Mawimbi yakitokea wakati wa kupunguza ukubwa tu, punguza kwa hatua mbili.

Nitumie tena ile ya ngazi za zege, faili ghafi bila kuikata. Kona ya kushoto chini ina kivuli ambacho nadhani ndicho picha nzima.

Mjomba wako