Sijamfungulia mwenye mizani

Nyakato, Mwanza
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Neema,

Mwangaluka! Hapa kwangu wote wazima, Kulwa na Doto wamerudi shule na mama yao anakusalimu sana. Ujumbe wako niliusoma nikiwa Mwaloni nasubiri dagaa, nikausoma tena nilipofika nyumbani. Kwamba kuna mtu wa chuma chakavu kakupigia kuhusu ile pikipiki ya BSA ya marehemu Mzee, nami nimfungulie banda aje na mizani yake. Sijamfungulia. Usikasirike kwanza, soma.

Unajua mwezi wa tano nilikwenda Ujerumani na wenzangu wa kwaya, kule Würzburg, mji ambao ni dada wa Mwanza yetu tangu 1966. Kwenye simu nilikusimulia baridi na mikate tu. Kumbe siku mbili za mapumziko, wenzangu walipokwenda madukani, mimi nilipanda treni kwenda kutazama magari ya zamani.

Nilianzia Stuttgart, makumbusho ya Mercedes-Benz. Lifti inakupandisha hadi juu kabisa, halafu unashuka kwa miguu ukizunguka, na kadiri unavyoshuka ndivyo miaka inavyosogea. Kule juu anayekupokea ni farasi! Ukimpita farasi unakutana na gari la Karl Benz la 1886, magurudumu matatu, utadhani bajaji iliyovuliwa bodi. Ila mimi aliyeniteka ni mkewe, Bertha. Agosti 1888 alilitoa gari bila kumwambia mumewe, akapakia wanawe wawili, wakatoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita zaidi ya 100, karibu sawa na kutoka hapa kwenda Magu na kurudi. Njiani mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ukachubuka, akauvisha ukanda wa soksi. Breki zikalika, akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta yenyewe alinunua duka la dawa! Sasa niambie, huyo ana tofauti gani na mafundi wetu wa Mabatini? Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanigeukia.

Kuna na pikipiki ya Daimler ya 1885, fremu ya mbao, na vigurudumu viwili vya pembeni kama baiskeli ya mtoto. Ile yenyewe iliungua 1903, inayoonyeshwa ni nakala. Wanasema mwanawe alipokuwa akiijaribu kiti kilishika moto, maana kichoma mafuta kilikuwa papo hapo chini ya makalio.

Lawama yangu kwa Stuttgart ni moja: usafi umezidi. Magari yanang'aa kama sahani za harusi, na pua yako haipati hata tone la oili.

Nürnberg ndiko nilikojisikia nyumbani. Makumbusho yao ya viwanda yako ndani ya kiwanda cha zamani cha skrubu, na humo kuna pikipiki zilizotengenezwa mji huohuo: Zündapp, Hercules, na nyingine imeandikwa Victoria kwenye tangi. Nikaipiga picha harakaharaka. Kiwanda chake kilianza na baiskeli 1886, wakati ziwa letu Speke alikwisha kulibatiza jina hilo tangu 1858, tena akiwa hapahapa Mwanza. Kwa hiyo sikuona wa kumdai chochote kwa jina hilo.

Sasa hapa ndipo penyewe. Nilikuwa nimemsogelea mzee mmoja Mjerumani, mtazamaji kama mimi, mikono yake ya gereji kabisa. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza nikamwonyesha picha ya BSA ya Mzee kwenye simu. Akaivuta karibu, akacheka, akasema hiyo ni yetu. Nikadhani hajaona vizuri. Akanieleza: Wajerumani walikuwa na pikipiki ya DKW, RT 125, kutoka Zschopau. Vita vilipokwisha 1945, walioshinda wakachukua michoro yake kama fidia. Waingereza wakatoa BSA Bantam 1948, Wamarekani wakatoa ya kwao kwa jina la Harley-Davidson, Warusi nao Moskva. Hata Yamaha, pikipiki yao ya kwanza kabisa, ya 1955, waliiiga kutoka hiyohiyo. Halafu akasema jambo lililonikalisha kwenye benchi: Waingereza waliigeuza injini nzima kama sura kwenye kioo, ili gia zikae mguu wa kulia walivyozoea wao.

Unakumbuka? Siku tulipoiiba Mzee akiwa kanisani, tukaikanyaga gia kushoto weee, mguu unapiga hewa, tukaishia kwenye michongoma? Miaka yote hii tunasema Mzee aliifunga kinyume. Hakuifunga kinyume. Tumemsingizia marehemu.

Jana nikafungua banda, mwenyewe. Kuku ametaga mayai manne chini ya injini. Kiti kimeliwa na panya mpaka springi ziko nje, tangi lina kutu kwa chini, lakini lile begi la ngozi alilobebea madaftari ya pamba akienda Kwimba bado linaning'inia, limekauka kama ngozi ya ngoma. Nikachomoa plagi, nikamiminia oili kidogo, nikasubiri, nikapiga kiki. Haijakwama! Pistoni inapanda, inashuka. Fundi wangu wa Igoma anasema kabureta atalisafisha, na vipuri vya Bantam Uingereza bado vinauzwa.

Wewe uko hapo Dar, na naapa hujawahi kukanyaga Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Mpeleke Neema Jumamosi akaione Rolls-Royce waliyotumia Waingereza, kisha akaitumia Mwalimu. Ungekuwa wewe na huyo wa mizani ndio waamuzi, hata hiyo ingekatwa ikauzwa kwa kilo.

Ukitoka huko, fungua sanduku la Mzee unitafutie kadi ya pikipiki. Huyo wa mizani mwambie funguo ninazo mimi, nami sionekani.

Wako,
Baba Kulwa